Hatukukuja kuwaambia mvumilie
(Maneno yetu mbele ya vijana, Kadutu, Bukavu)

Tunajua wengine wametembea kutoka Bagira juu hakuna franka ya pikipiki.

Kuko neno moja lenye linatuchosha: rezilianse. Kila mgeni akifika hapa na kalamu yake anaandika kwamba watu wa Kivu tuko na rezilianse. Wazazi wetu walivumilia vita ya 1996, wakavumilia ya 1998. Februari 2025 M23 wakaingia Bukavu, benki zikafunga milango, na sisi zamu yetu ikafika. Nyumbani: vumilia. Kanisani: vumilia. Na sisi wenye tuko na diplome ndani ya sashe, tunaacha barua kwenye maofisi, wanatujibu: mtaitwa.

Kwa hiyo siku moja tulipoalikwa kwa mafunzo ya afya ya akili, na mama mwenye kufundisha akatuomba tufunge macho tuvute pumzi, mmoja wetu akauliza: «Mama, kazi iko ndani ya hii pumzi?» Tulicheka sana. Hata mama alicheka. Lakini yule ndugu mwenye aliuliza alikuwa halali usiku tangu miezi mingi. Alitupa hiyo siri baadaye, akiwa na haya. Ndipo tukaanza kusoma kwa kweli, juu tuko na wakati, hiyo ndiyo mali ya mtu asiye na kazi.

Tulichokuta ni hiki. Tangu miaka ya 1980 wanasaikolojia fulani wa Marekani, kati yao Steven Hayes, walijenga tiba yenye kusimama juu ya kitu tunaweza kuita unyumbufu wa akili. Mawazo mabaya yanaweza kukaa ndani yako bila kushika usukani. Hawakufundishi kufukuza uchungu. Wanasema ile vita ya kufukuza uchungu ndiyo inakula nguvu yote: unajifungia nyumbani ili usikutane na watu watakaokuuliza kama umepata kazi, unakunywa ili usiwaze, na maisha inazidi kuwa ndogo. Ukikubali kwamba uchungu upo, unaweza kutembea nao na kufanya yale yenye ni ya maana kwako.

Hilo neno kukubali lilitugombanisha usiku mzima. Hapa kwetu kukubali ni kuinamisha kichwa mbele ya mkubwa. Mwishowe tuliona mambo mawili yamechanganywa. Kinachokubaliwa ni hofu, haya, uchungu, vitu vyenye vimeshaingia ndani ya kifua. Mtu anayeuza nafasi za kazi hajatajwa popote! Tena sehemu ya pili ya hiyo tiba ni kutenda. Na sisi tunajua, mtu mwenye anangoja hofu iishe kwanza hatatoka barabarani hata siku moja.

Haya mambo yalijaribiwa karibu na sisi. Ndani ya kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, watafiti walifanya kazi na wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini, katika vijiji 14. Njia yenyewe ilitengenezwa na Shirika la Afya Duniani: mikutano mitano, sauti zilizorekodiwa, kitabu cha picha, vikundi vya watu 20 hadi 30. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi. Matokeo yalitoka 2020: wanawake wenye walifuata mikutano walikuwa na mateso ya moyo kidogo kuliko wengine. Baada ya miezi mitatu faida ilikuwa imepungua, lakini ilikuwapo bado. Tunasema yote, hata ile yenye haitupendezi.

Na hapa kwetu, Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, utafiti wa 2013 ulitumia tiba nyingine, ya kuchunguza mawazo katika kikundi, na wanawake waliofanyiwa ubakaji. Miezi sita baada ya tiba, 9 kwa mia ndio walikuwa bado na dalili nzito za huzuni au wasiwasi. Kati ya wale waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja tu, walikuwa 42 kwa mia. Wengi wao hawakujua kusoma. Na vita haikuwa imeisha.

Sasa, hofu yetu moja. Inchi hii inajua Artikle 15: jipange mwenyewe. Hatutaki hizi zoezi ziwe Artikle 15 ya roho, serkali ikae kimya juu vijana wanajua kuvuta pumzi. Tutaendelea kudai wauguzi wa akili ndani ya kila santre de sante. Na mwenye anasikia sauti, au anawaza kujiua, asingoje mkutano wetu. Aende Sosame, aende Panzi, na mmoja wetu atamsindikiza kama anaona haya.

Yule ndugu wa swali la pumzi yuko hapa, ameturuhusu kusema. Zamani alijiambia: «Mimi ni bure.» Siku hizi anasema: «Niko na wazo lenye linasema mimi ni bure.» Anasema wazo linakuja kila asubuhi, kama kawaida, ila analisikia kama redio ya jirani, anavaa viatu, anatoka. Kazi hajapata. Analala saa tano, wakati mwingine sita.

Tujaribu, dakika tatu tu. Wekeni simu chini. Sukumeni miguu kwenye sakafu, muisikie ilivyo ngumu. Mwenye anataka kufunga macho afunge, mwenye hataki aangalie ziwa pale dirishani. Kila mtu atafute ndani yake lile wazo lenye lilimwamsha leo, asilifukuze, alipe jina.