Kinu Ndani ya Bakteria wa Kifua Kikuu

Mgonjwa wa kifua kikuu wa Mugeta, wilayani Bunda, kwa kawaida humeza dawa kwa miezi 6: miwili ya kwanza dawa nne, minne inayofuata dawa mbili. Kikohozi hupungua mapema, lakini bakteria waliojificha mapafuni hawafi upesi.

Ndani ya kila bakteria wa aina hiyo mna kimeng'enya kiitwacho Clp, ambacho ni kama kinu. Kina umbo la pipa, la pete mbili zenye vipande saba saba. Mlangoni hukaa protini nyingine, ClpC1. Hiyo hutumia ATP, nishati ya seli, kuikamata protini iliyoharibika, kuikunjua kama uzi unaofumuliwa kwenye sweta, kisha kuisukuma ndani ikatwekatwe. Seli husafika na kuendelea kuishi.

Hapo ndipo penye matumaini. Bila kinu hicho, bakteria wa kifua kikuu hakui. Watafiti wamegundua viambata vinavyovuruga ClpC1, vikiwamo ekumisini na saiklomarini, ingawa havijafikia kuwa tiba hospitalini.

Tanzania ina historia katika vita hivi. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi ya Dk. Karel Styblo nchini ilichangia mkakati wa matibabu ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza miaka ya 1990.

Wakati maabara zikitafuta dawa mpya, anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende zahanati apimwe makohozi. Matibabu ni bure. Aliyeanza dozi, aimalize.