Siri ya Dola na Damu ya Raia

(Hotuba kwa semina ya elimu ya uraia)



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kwa miaka mingi lilinong'onwa tu: afisa wa ujasusi akijua kwamba jinai inatendeka, au inakaribia kutendeka, ni lini awajibike kuwaarifu polisi? Wapo wanaodhani hili ni jambo la wakubwa. La, hasha! Linamhusu mkulima wa Burnt Forest anayelala asijue kama kutakucha nyumba yake ingali imesimama.

Tukumbuke tulikotoka. Zamani jasusi na polisi walikuwa kitu kimoja. Special Branch, tawi la polisi, iliwapeleleza watu, ikawakamata na kuwahoji. Katika msako wa Mwakenya wa 1986, wengi walifungiwa katika vyumba vya chini ya jumba la Nyayo, Nairobi, wakateswa kwa maji na njaa, wakakiri wasiyoyatenda. Kuanzia 2010 Mahakama Kuu imeamuru baadhi yao walipwe fidia. Funzo ni kwamba mkusanya tetesi hafai kuwa pia mshika pingu. Sheria ya 1998 ikaitenga idara ya ujasusi na polisi, na hilo lilikuwa jema.

Lakini ukuta usio na mlango nao huua. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, iliripoti mwaka 2008 kwamba watu 1,133 walipoteza maisha. Ilieleza pia kwamba idara ya ujasusi ilikuwa imeziona dalili na kuonya, ila vyombo vya usalama havikujiandaa ipasavyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulichimba makaburi.

Basi mpaka uwekwe wapi? Napendekeza kanuni nne.

Kwanza, uhai ukiwa hatarini, habari ipelekwe kwa polisi papo hapo. Hakuna siri ya dola iliyo na thamani kuliko uhai wa raia ambaye dola yenyewe iliundwa imlinde.

Pili, jinai kubwa iliyokwisha kutendeka, kama mauaji au uporaji wa mali ya umma, iripotiwe hata mtendaji akiwa waziri. Kuchelewa kidogo ili kumlinda mtoa habari kunaweza kukubalika. Kunyamaza milele ni kushiriki.

Tatu, maoni ya kisiasa si jinai. Anayeikosoa serikali, anayeandika kijitabu au kuhudhuria mkutano wa chama cha upinzani hana kosa la kuripotiwa. Kabla ya Desemba 1991, kifungu cha 2A kilipofutwa, hata kudai chama cha pili kulimfanya mtu aandamwe. Tusirudi huko.

Nne, jinai inayotendwa na maafisa wa ujasusi wenyewe iripotiwe bila kusita. Mlinzi akiiba, kufuli haitasaidia.

Watetezi wa usiri watasema: tukifichua, mtoa habari atauawa. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, polisi anaweza kuelezwa hatari ilipo bila kutajiwa aliyeisema. Habari ya jasusi iwe fununu ya kuanzia uchunguzi. Ushahidi wa kortini polisi autafute mwenyewe kwa njia halali. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inataka ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utupwe, iwapo kuupokea kutaiharibu kesi au kuidhuru haki. Na pakizuka ubishi kuhusu siri gani ifunuliwe, aamue hakimu, asiamue mwenye siri.

Zaidi ya yote, kila onyo liandikwe: limetolewa na ofisi gani, limepokewa na nani, saa ngapi, na hatua gani ikachukuliwa. Bila kumbukumbu, baada ya kila msiba jasusi atasema, "Tulionya," na polisi atajibu, "Hatukuambiwa," huku wafiwa wakibaki na mikono kichwani. Ibara ya 238 inauweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Kwa hiyo mbunge anayekuja kuomba kura, mwulizeni: je, umewahi kudai kuiona kumbukumbu hiyo?

Ndugu zangu, serikali inayojua na kunyamaza haina udhuru mbele ya mjane. Tudai sheria iliyo wazi kabla ya uchaguzi mwingine.