Maneno Yasikike: Hotuba juu ya Kupatanisha Sauti za Waimbaji na Vyombo



Tumeombwa tunene juu ya nyimbo ambazo kwaya zetu na vijana wetu huzirekodi nyumbani. Zamani mtu aliyetaka sauti yake ihifadhiwe hakuwa na budi kusafiri mbali. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja, alivuka bahari mpaka Bombay, ili sauti yake itiwe katika santuri. Leo kazi kama ile hufanyika chumbani, kwa simu au kompyuta, na kipaza sauti kimoja, na mablanketi yaliyotundikwa ukutani. Hili ni jambo la kushukuru. Walakini twasikia katika nyimbo nyingi za namna hii kasoro moja, nayo ni hii: vyombo huwameza waimbaji. Ngoma twaisikia, kinanda twakisikia, besi yatikisa dirisha, lakini maneno twayaambulia nusu.

Huenda mtu akasema, "Hilo ni jambo la ladha tu, huyu apenda ngoma, yule apenda sauti." Sisi twaona si ladha tu. Angalieni lugha yetu ya Kiswahili ilivyo. Neno "atatuacha" na neno "hatatuacha" zimetengwa na herufi moja, nayo si zaidi ya pumzi ndogo itokayo kinywani. Ngoma ikipigwa juu ya pumzi hiyo, mfiwa aliyengoja kufarijiwa asikia kwamba ataachwa. Kadhalika "alipenda" na "alipendwa": tofauti yake ni mdomo kukunjwa kidogo. Na "ni" na "si", silabi mbili fupi, moja yakubali na moja yakana. Basi wimbo uliochanganywa vibaya waweza kufundisha kinyume cha ule uliotungwa, hali mtungaji hana hatia.

Wakubwa wetu wa dini waliliona jambo hili zamani. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius X aliandika kwamba kinanda na vyombo vingine kazi yake ni kuutegemeza wimbo, wala si kuulemea. Na mwaka 1967 maagizo yaitwayo Musicam Sacram yalionya tena kwamba mlio wa vyombo usizifunike sauti hata maneno yakawa magumu kufahamika. Maagizo hayo yalihusu ibada, lakini kanuni yake yafaa hata kwa wimbo wa harusi au wa shule.

Sasa tuulize, kasoro hii yatoka wapi? Sababu zake ni tatu.

Ya kwanza, yule anayechanganya sauti ameusikia wimbo mara mia. Maneno yote ayajua kwa moyo, kwa hiyo hata yakifunikwa, akili yake huyajaza. Yeye hudhani ayasikia, kumbe ayakumbuka.

Ya pili, sauti za namna moja hugombania mahali pamoja. Sauti hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Irabu zetu hupata nguvu nyingi chini, bali konsonanti zitambulishazo neno, kama t na k, hujulikana zaidi katika hezi 2,000 mpaka 4,000, na s hupanda juu kuliko hapo. Gitaa, matoazi, kayamba na kinanda chenye mlio mkali nazo hukaa papo hapo. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Ya tatu ni sikio lenyewe. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio la mtu halisikii sauti nzito na sauti nyembamba kwa kadiri ileile. Kitu kikipigwa polepole, sauti nzito hupungua masikioni kuliko nyingine. Kikipigwa kwa nguvu, hurudi. Kwa hiyo achanganyaye wimbo kwa kelele nyingi hudanganyika, na kesho yake, wimbo ukichezwa kwa sauti ya kiasi, huona umekuwa mwingine.

Basi, dawa yake ni nini? Twaleta mashauri matano.

Shauri la kwanza ni la kabla ya kurekodi. Mpiga kinanda asipige tuni ileile ya mwimbaji, tena kwa nguvu, toka mwanzo hata mwisho. Na apunguze mkono maneno yanapoimbwa, kisha ajaze pale waimbaji wanapovuta pumzi. Mpiga gitaa naye ajibu baada ya ubeti. Ndivyo wazee wafanyavyo barazani: mmoja anena, wengine wangoja, kisha hujibu. Nyimbo zilizopangwa hivi hazina haja ya matengenezo mengi baadaye.

Shauri la pili: tuanze na waimbaji. Katika kompyuta kila sauti huwa katika mstari wake, na kila mstari una kidude chake cha kupandisha na kushusha. Tushushe yote, kisha tupandishe waimbaji peke yao mpaka wasikike vema. Ndipo tuingize ngoma na besi, halafu kinanda na gitaa, kimoja kimoja. Pale chombo kinapoanza kudhuru maneno, tukirudishe nyuma kidogo. Na mwimbaji akizama, tusikimbilie kumpandisha yeye. Tushushe kile kilichomzamisha. Maana tukimpandisha, kesho ngoma itaonekana ndogo, nayo tutaipandisha, na hivyo hivyo, mpaka sauti zote zigonge dari na kuanza kukwaruza. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Badiliko la desibeli 1 ni vigumu kulitambua, 3 hutambulika, na 10 huonekana masikioni kama sauti imekuwa mara mbili. Kwa hiyo hatua ndogo zatosha.

Shauri la tatu ni kutengeneza nafasi. Programu za kurekodi huwa na chombo kiitwacho ikwalaiza, cha kupunguza au kuongeza sehemu moja ya sauti bila kugusa nyingine. Katika mstari wa waimbaji tuondoe yaliyo chini ya hezi 80, maana huko mna kishindo cha miguu na ngurumo ya magari tu. Kwa wanawake na watoto twaweza kufika hezi 100. Lakini kwa wanaume waimbao besi tusivuke 80, tusije tukawakata miguu. Kisha katika kinanda na gitaa tupunguze desibeli 2 au 3 kati ya hezi 2,000 na 4,000, pale penye konsonanti. Vyombo havitaonekana vimepungua sana, bali maneno yatatokea kana kwamba mtu amefungua pazia.

Shauri la nne: tuyafuate maneno moja moja. Mwimbaji hushuka mwisho wa mstari pumzi inapomwishia, na mwisho wa neno la Kiswahili mara nyingi ndipo penye maana, kama tulivyoona katika "alipendwa". Tuzipandishe silabi zile zilizoanguka, na tuzishushe zile zilizopigiwa kelele. Kuna chombo kiitwacho kompresa kishushacho chenyewe sauti zilizozidi. Nacho chafaa kikitumiwa kwa kiasi. Kikizidi, wimbo wote huwa kama uwanda usio na kilima wala bonde, na msikilizaji huchoka asijue kwa nini.

Shauri la tano ni juu ya mwangwi na pande. Wengi hupenda kutia mwangwi mwingi ili wimbo uonekane umeimbwa katika kanisa kubwa. Mwangwi kidogo hupendeza. Mwingi hulivuta neno la kwanza likaangukia la pili, hata yote mawili yakapotea. Na habari ya pande, mwimbaji kiongozi akae katikati, kinanda na gitaa vikae mmoja kushoto na mmoja kulia. Walakini tukumbuke kwamba simu nyingi zina spika moja ya kuchezea muziki, nayo huvirudisha vyombo vyote mahali pamoja. Kwa hiyo tuusikilize wimbo katika simu ndogo, kwa sauti ya chini, kabla hatujausambaza.

Hapa twataka kusema na ninyi walimu. Mnayo njia ya kupima kazi hii iliyo bora kuliko mitambo yote, nayo ni imla. Watafuteni watu watano wasiopata kuusikia wimbo ule. Wachezeeni kwa sauti ya kiasi, mara moja tu, ubeti kwa ubeti, wayaandike maneno waliyoyasikia. Kisha sahihisheni kama msahihishavyo darasani. Mmoja akikosa, labda ni sikio lake. Watatu wakikosa neno moja, kosa si lao. Rudini kwenye mstari ule mkatengeneze.

Lakini msitufahamu vibaya, mkadhani twavichukia vyombo. Vyombo vikishushwa mno, mwimbaji huwa kama msomaji aliye peke yake chumbani, na ngoma huwa kama yapigwa nyumba ya jirani. Wimbo namna hiyo hautembei. Ngoma ndiyo miguu yake na besi ndiyo mgongo wake. Twataka kila kimoja kisikike katika mahali pake, na neno lifike.

Jambo la mwisho. Nyimbo tunazorekodi leo zitasikilizwa na watoto ambao hawatapata kuwaona waimbaji wake. Besi iliyokosekana mtu aweza kuipiga upya baada ya miaka 30. Bali neno la bibi mzee lililofunikwa na matoazi, nani atakwenda kumwuliza? Kwa hiyo, mkimaliza kuchanganya, msifute ile mistari ya kwanza, kila sauti mbali na nyingine. Iwekeni mahali pawili, pamoja na karatasi yenye maneno ya wimbo, jina la mtungaji na tarehe, ili watakaokuja nyuma yetu, kama wakiona kazi yetu ina upungufu, waweze kuitengeneza.