Rangi ya Chai na Kadiri ya Kafeini



Dhana iliyoenea miongoni mwetu ni kwamba chai nyeusi ni kali, ya kijani ni ya wastani, na nyeupe ni laini kiasi cha kumfaa mgonjwa na mtoto. Na maadamu dhana hiyo ndiyo inayowaongoza wengi wanapochagua kinywaji cha usiku au cha mja mzito, nimeona ni wajibu wangu jioni hii kubainisha kwa nini rangi si shahidi wa kutegemewa katika jambo la kafeini.

Mkemia wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, aliitenga kafeini kutoka katika buni mwaka 1819. Miaka minane baadaye mkemia mwingine, Oudry, akaipata katika majani ya chai, akaiita theini kwa kudhani ni kitu kingine, hata ilipofika mwaka 1838 ikathibitika kuwa ni kitu kimoja. Chai nyeusi, ya kijani na nyeupe nazo ni za mti mmoja, zikitofautiana kwa yale zinayotendewa baada ya kuchumwa: jani la chai nyeusi husagwa na kuachwa lichachuke mpaka liwe la kahawia, na la kijani hupashwa moto upesi ili lisichachuke. Hewa hubadilisha rangi, ladha na harufu. Ama kafeini, hiyo hubaki karibu kama ilivyokuwa shambani.

Basi tofauti yatoka wapi? Kwanza ni umri wa jani. Mchai huitengeneza kafeini ili kuyakinga machipukizi yake na wadudu, na kwa hiyo chipukizi na jani changa ndiyo yenye kafeini nyingi kuliko jani kuukuu na kikonyo chake. Ndiyo sababu chai nyeupe ya Fujian, ile ya machipukizi matupu, yaweza kuipita chai nyeusi iliyotengenezwa kwa majani makubwa. Na gyokuro ya Wajapani, ambayo vichaka vyake hufunikwa kivuli kwa muda wa wiki tatu hivi kabla ya kuchumwa, ni ya kijani na ina kafeini nyingi. Pili ni jadi ya mmea, kwani mchai wa Assam, ambao ndio asili ya sehemu kubwa ya mashamba ya Kericho, Rungwe na Mufindi, kwa kawaida huushinda ule wa China.

Lakini jambo zito kuliko yote, na ambalo halisemwi vya kutosha, ni maji na moto. Vitabu husema kikombe cha mililita 240 cha chai nyeusi kina takriban miligramu 40 hadi 50 za kafeini, cha kijani kama 30, na cha kahawa kama 95. Na hesabu hizo ni za chai iliyomiminiwa maji na kuachwa dakika chache. Mjapani huitia chai yake ya kijani maji yasiyochemka, kwa dakika moja au mbili, na upole tunaousifia jani watokana kwa sehemu kubwa na mkono wake. Sisi je? Hebu mtazame muuza chai alfajiri: majani yake ni yale ya kusagwa, chembe ndogo kama mchanga, ambayo huachia kafeini upesi mno, huyatia ndani ya sufuria pamoja na tangawizi na maziwa, yakatokota juu ya makaa, naye huongeza konzi nyingine kila maji yanapoongezwa, bila kuyatoa yale ya kwanza. Maziwa huipunguza kafeini kwa kadiri tu yanavyoshika nafasi ya chai kikombeni, na sukari haiigusi. Wako pia wanaoshauri kuyasuuza majani kwa maji moto nusu dakika ili kafeini itoke. Kwa hakika sehemu kubwa hubaki jani lilipo.

Hili si suala la ladha tu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka mwaka 2015 kikomo cha miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima, na 200 kwa mja mzito. Kafeini aliyoinywa mtu mzima hupungua nusu kwa muda wa saa tano hivi, bali mimba ikikua muda huo waweza kurefuka mara tatu, na mtoto aliye tumboni hana uwezo wa kuivunja. Mama anayemaliza chupa ya chai nzito tangu asubuhi hadi magharibi aweza kukivuka kikomo hicho bila kuonja kahawa hata tone, na naona ni dhulma kumwambia abadilishe rangi ya chai huku sufuria ikibaki vilevile. Apunguze majani, asiyatokose, na kikombe cha jioni kiwe cha mchaichai au cha tangawizi tupu, ambavyo havina kafeini kabisa; na watoto nao wapewe hicho hicho. Ama maabara zetu, naziomba vipimo vyao vianzie kwenye sufuria hiyo ya alfajiri, kwa majani yanayouzwa dukani mwetu na kwa muda ule ule yanaotokoswa.