Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Mwaka 2018, maelfu ya wafanyakazi wa Google walitia saini barua ya kupinga kampuni yao kulisaidia jeshi la Marekani kuchambua picha za ndege zisizo na rubani. Kampuni ikalegeza msimamo, ikatangaza kanuni za akili mnemba, na ndani yake ahadi ya kutotengeneza silaha. Februari 2025, ahadi hiyo iliondolewa. Hakuna aliyeulizwa. Aliyeiandika ndiye aliyeifuta.

Hapo ndipo penye kasoro. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Tugeukie Nairobi. Vijana walikaa mbele ya kompyuta, zamu baada ya zamu, wakitazama video za mauaji na ukatili, ili mimi na wewe tusikutane nazo kwenye Facebook. Waliajiriwa na Sama, kampuni iliyopewa kazi hiyo na Meta, mmiliki wa Facebook. Jarida la Time liliripoti mwaka 2022 kuwa baadhi yao walilipwa takriban dola moja na nusu kwa saa. Walipokwenda mahakamani, Meta ilidai haiwezi kushtakiwa Kenya. Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa ikasema inaweza.

Tuwe wakweli: wapo watu waadilifu ndani ya kampuni hizi, na barua ile ya 2018 ni ushahidi. Lakini ahadi isiyo na wa kuidai si deni, ni tangazo la biashara. Kampuni zisipimwe kwa kanuni zilizoziandika. Zipimwe siku zinapoitwa mbele ya hakimu.