Samadi ya Ukara na Mashamba ya Handeni

Baada ya taarifa ya habari, uchambuzi unaelekea Ukara, kisiwa cha Ziwa Viktoria, ambako Wakara, waliobanwa na ufinyu wa ardhi, walizoea tangu kabla ya ukoloni kufungia ng'ombe ndani, kukusanya samadi na kufukia marejea, yaani mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo, ili uwele ustawi katika shamba lilelile mwaka hadi mwaka. Jambo hilo linawagusa wakulima wa Handeni na Korogwe, ambako shamba likichoka, kuhama si rahisi tena. Maarifa hayo ni hazina kubwa. Kwa upande wa pili, kazi ya kilimo hicho ni nzito mno, na Wakara wengi waliohamia bara, kwenye ardhi ya kutosha, waliiacha. Je, mkulima asiyebanwa na ardhi kiasi hicho atakubali kubeba samadi?