Kompyuta Inapoamka kwa Kujikokota

Wiki iliyopita nusura mazungumzo haya yasiende hewani. Alfajiri niliwasha kompyuta yangu ya mapakato nimalizie kuandika. Nikachemsha chai, nikainywa, kioo bado kinazungusha duara. Dakika 11!

Fundi mmoja, bila hata kuigusa, alisema imezeeka, ninunue nyingine. Bei aliyoitaja ni mshahara wangu wa miezi miwili, na ada za shule zi mlangoni. Nikamwomba kijana mmoja wa studio aitazame kwanza.

Alibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika Windows 10 na 11, hapo ndipo ilipo orodha ya programu zinazoamka pamoja na mashine. Zangu zilikuwa 14: ya muziki, ya michezo ya watoto, hata ya printa niliyoiuza zamani. Sikuzialika, zilijikaribisha zenyewe siku nilipoziingiza. Akazizuia zote zisijiwashe, isipokuwa ya kukinga virusi. Dakika zikashuka hadi tano.

Hizo tano ni za diski. Yangu ni ya kizamani, yenye sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hukimbia huku na huko kutafuta mafaili. Ile ya kisasa iitwayo SSD haina kinachozunguka. Nimeagiza moja, na haifiki robo ya bei ya fundi. Usiku huu nanakili mahojiano yangu yote kwenye diski ya nje, maana diski inayojikokota huenda iko njiani kufa.